Saa za Kati ya Mlo na Mlo

Anayekwenda Newala mara ya kwanza mwezi wa Julai hufungasha nguo za joto la Mtwara, na usiku wa kwanza huazima sweta. Uwanda wa Wamakonde huinuka kutoka bonde la Ruvuma, na sehemu zake za juu hufikia takriban mita 900. Alfajiri ukungu hushuka mpaka kwenye mikorosho. Aliyesimama Shimo la Mungu, pale ardhi inapokatika ghafla na bonde kufunguka kuelekea Msumbiji, anaweza asione bonde wala Msumbiji. Ndio wakati wakulima wanapuliza salfa kupambana na ubwiriunga. Ndio pia wakati ambao mtoto wa mbwa mwenye gramu 600 hapaswi kulala barazani.

Mbwa wa gramu 600 si mbwa wa uwandani. Mbwa wa Newala na Masasi ni wa kienyeji, mwembamba, mwenye miguu mirefu, anayelinda nyumba usiku na kufukuza ngedere na nguruwe pori shambani mchana. Hawa wadogo, wale ambao wengi huwaita mbwa wa Kizungu, huja na watu. Huja na mtumishi aliyehamishwa katikati ya mwaka, mwaka mpya wa fedha wa serikali ukianza. Huja pia na fedha: minada ya korosho ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU ikishapamba moto kuanzia Oktoba na malipo yakaingia, mtu anayenunua bati na pikipiki anaweza pia kumtimizia binti yake ahadi ya muda mrefu. Ahadi hiyo husafiri ndani ya boksi lililotobolewa matundu, na jina lake huwa Maltese, Chihuahua, Yorkshire Terrier au Pomeranian, ambao wakikomaa kabisa mara nyingi hawazidi kilo 3 au 4.

Boksi hilo hupanda basi Dar es Salaam alfajiri. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya mto Rufiji, safari ya kusini imekuwa ya siku moja, jambo ambalo waliowahi kulala Ndundu wakisubiri kivuko hawalichukulii kirahisi. Hata hivyo Dar es Salaam hadi Masasi ni takriban kilomita 600, na baada ya Masasi bado kuna kupanda mlima. Dereva hasimami kwa ajili ya mbwa. Mwenye boksi naye ameambiwa asimlishe njiani, asije akatapika.

Yanayofuata huenda kwa mtiririko ambao madaktari wa mifugo wanaufahamu. Mtoto wa mbwa hufika jioni, ananusa chakula na kukiacha. Wenyeji humwonea huruma: mwacheni alale, amechoka na safari. Analala. Asubuhi anatoka kwenye boksi akiyumba kama mlevi, fizi zake zimepauka, masikio ni ya baridi. Anakaa ameinua kichwa na kukodoa macho pasipo na kitu. Kisha anaanguka ubavu, miguu inapiga hewa, mate yanamtoka. Jirani wa kwanza atasema kalishwa sumu. Wa pili atasogeza watoto nyuma na kusema ni kichaa.

Mara nyingi ni sukari imeshuka. Watu wa Newala wenye mzee wa kisukari nyumbani wanalijua neno hilo na wanajua la kufanya bibi akianza kutetemeka na kutoa jasho kabla ya chakula cha mchana. Hawalifikirii tu kwa mbwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Mbwa ana takriban mililita 85 za damu kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye gramu 600 basi ana mililita 50 hivi, ujazo wa kikombe kimoja cha muuza kahawa wa mtaani. Sukari ya kawaida katika damu ya mbwa huwa kati ya miligramu 70 na 120 kwa desilita. Tukichukua 100, damu yote ya mnyama huyu ina miligramu 50 za sukari. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi, mara 80 ya kiasi hicho. Ikishuka chini ya 60, mwili umeanza kupata shida. Ikikaribia 40, dalili za ubongo huwa zimeshaonekana, kwa sababu ubongo ndio unaotumia sukari kwa wingi na hauna ghala lake wenyewe.

Mbwa mkubwa ana sukari kidogo vilevile kwa uwiano, lakini halali nayo hiyo tu. Ini lake limejaza akiba, misuli yake ni minene, mafuta yapo. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula na sukari yake isitetereke sana. Mtoto wa mbwa mdogo ana ini changa lenye akiba ya saa chache, misuli ambayo ni kidogo mno kuchomwa ikageuzwa sukari, na mafuta ya kuhesabika. Upande wa matumizi nao haumsaidii. Max Kleiber, Mswisi aliyefanya kazi Davis, California, alionyesha mwaka 1932 kwamba mnyama anavyokuwa mdogo ndivyo kila kilo ya mwili wake inavyoteketeza nguvu nyingi zaidi. Kwa kanuni ambayo madaktari wa mifugo wanaitumia mpaka leo, mbwa wa kienyeji wa kilo 15 aliyetulia hutumia kilokalori 36 hivi kwa kilo kwa siku. Wa gramu 600 hutumia karibu 80 kwa kilo, na kwa kuwa bado anakua, mahitaji yake halisi ni mara mbili au tatu ya hapo. Anahitaji chakula chenye nguvu inayokaribia ya mayai mawili kila siku, na tumbo lake haliwezi kupokea hata robo ya hicho kwa mkupuo mmoja.

Kwa hiyo jambo la kuangalia ni saa, kuliko hata kiasi cha chakula. Wapo wenye mbwa wanaojitetea kwamba mnyama alishiba kweli jana mchana. Alishiba, na baada ya hapo zikapita saa kumi na tano.

Elimu hii yote, kwa bahati ya ajabu, ilipatikana kwa mbwa kabla ya kuwafaa binadamu. Mwaka 1848 mjini Paris, Claude Bernard aliwalisha mbwa nyama tupu, isiyo na sukari hata chembe, kisha akapima damu inayotoka kwenye ini. Ilikuwa na sukari. Wakati huo wasomi waliamini kwamba ni mimea peke yake inayotengeneza sukari na kwamba mnyama huila tu. Mwaka 1855 alichukua ini la mbwa, akalipitishia maji kwenye mishipa mpaka halikubaki na sukari, akaliacha. Alipolirudia kesho yake, sukari ilikuwapo tena. Kulikuwa na akiba ndani iliyokuwa ikigeuka, na mwaka 1857 aliitenga na kuipa jina la glaikojeni.

Mwaka 1889 huko Strasbourg, Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimtoa mbwa kongosho, na mbwa huyo akapata kisukari. Mwaka 1921, majira ya joto, Frederick Banting na Charles Best walikuwa Toronto wakiwadunga mbwa wa aina hiyo maji ya kongosho yaliyokuja kuitwa insulini. Mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, Rochester, Minnesota, Frank Mann na Thomas Magath walikuwa wakifanya jambo ambalo halisimuliwi mara nyingi. Waliwatoa mbwa ini zima. Mbwa aliamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, akatembea, akaonekana mzima kwa saa kadhaa. Kisha misuli ikalegea, akashindwa kusimama, akaanza kutikisika, degedege likamshika. Walipomdunga glukosi mshipani, alisimama ndani ya muda mfupi mno, akatembea na kutikisa mkia, mpaka sukari ile ilipokwisha na dalili zikarudi kwa mpangilio uleule. Leo majaribio hayo yasingepita kirahisi mbele ya kamati ya maadili. Lakini picha waliyoichora, kuanzia kuyumba hadi kuanguka na kufufuka, ndiyo inayoonekana kwenye baraza ya Newala saa 2 asubuhi.

Uwanda una mambo yake yanayoharakisha picha hiyo. La kwanza ni baridi, ambayo wengi hawaitilii maanani kwa sababu ni baridi ya Tanzania. Mtoto wa mbwa mchanga hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto. Uwezo huo huja baada ya wiki ya kwanza au ya pili, na hadi wakati huo anategemea mwili wa mama na wa ndugu zake. Akiwa na wiki nane anaweza kutetemeka, ila kutetemeka nako kunakula sukari. Aliyelelewa kwenye rundo la ndugu wanne analala peke yake kwa mara ya kwanza maishani, kwenye saruji, katika mji wa ukungu.

Kisha kuna suala la mahali pa kulala. Newala ni mji wenye Waislamu wengi, na kwa mafundisho ya madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani nzima, mate ya mbwa ni najisi yenye utaratibu wake wa kutwaharisha. Familia inayofuata hilo haimlazi mbwa jikoni wala chumbani, na hakuna sababu ya kuilaumu. Ushauri unaotoka kwenye vitabu vya nje, wa kumweka mtoto wa mbwa kando ya kitanda, hauifai. Kinachofaa ni boksi lenye kuta ndefu kwenye stoo au kona ya banda lisilopitisha upepo, lililoinuliwa juu ya sakafu kwa matofali, limejazwa matambara makavu, na pembeni chupa ya plastiki ya maji ya moto iliyoviringishwa kitenge chakavu. Chupa ikae upande mmoja tu ili mnyama aweze kuisogelea au kuikimbia. Jiko la mkaa halifai kabisa katika chumba kilichofungwa. Moshi wake usioonekana unaua mbwa kama unavyoua watu.

Chakula nacho kina historia ya mahali. Ugali wa muhogo umewalisha watu wa uwanda huu vizazi na vizazi, lakini kwa mtoto wa mbwa ni wanga karibu mtupu: unapandisha sukari, kisha unamwacha bila protini ya kuishikilia isiporomoke. Uji wa maziwa ya ng'ombe una kasoro nyingine. Maziwa ya mbwa jike yana protini na mafuta yanayokaribia au kupita mara mbili ya yale ya ng'ombe, na laktosi kidogo zaidi. Anayelishwa ya ng'ombe peke yake hunywa tumbo likajaa, huharisha, na hubaki na njaa. Dukani Masasi au Mtwara kukipatikana chakula cha kopo au cha punje cha watoto wa mbwa, kiloweshwe kwa maji ya uvuguvugu. Kisipopatikana, yai la kuchemsha lililopondwa, kuku au nyama iliyosagwa, dagaa walioloweshwa chumvi ikatoka na kusagwa, vikichanganywa na ugali laini kidogo na tone la mafuta ya kupikia, vitamvusha wiki chache. Kitunguu kisiwemo. Korosho iliyobanguliwa si sumu kwa mbwa, ila mafuta yake huvuruga tumbo dogo. Ganda lake ni habari nyingine, utomvu wake unababua mdomo wa mbwa kama unavyobabua vidole vya wabanguaji.

Na minyoo. Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wakiwa na minyoo mikubwa waliyoipata tumboni mwa mama, na ya safura huwapata kwenye maziwa na udongo. Minyoo ya safura hunyonya damu, na kwa mnyama mwenye mililita 50 za damu hilo si jambo la kupuuza. Utaratibu unaokubalika ni kumpa dawa ya minyoo akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kwa kipimo cha uzito wake. Muuzaji asiyeweza kusema dawa ilitolewa lini ameshajibu swali. Kuhara kwa virusi vya parvo, ambako chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi ya 8, nako humaliza sukari kwa kasi ileile. Asiyekula na anayeharisha damu hahitaji asali tu, anahitaji daktari siku hiyo.

Turudi kwa jirani wa pili, aliyesema kichaa. Hakusema upuuzi. Kusini-mashariki mwa Tanzania ni eneo ambalo mwaka 2010 ulianza mradi mkubwa wa chanjo ya kichaa cha mbwa, ukiongozwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za Bill & Melinda Gates Foundation. Ulihusu wilaya 28, zikiwamo za Mtwara, Lindi na kisiwa cha Pemba. Watu wa Newala waliwapeleka mbwa wao kwenye vituo vya chanjo na walisikia sababu. Anayemwona mnyama akitokwa mate na kurusha miguu ana haki ya kusogeza watoto. Tofauti ipo kwenye mwendo wa mambo: kichaa hakiji na kuondoka ndani ya nusu saa, na hakitulii kwa asali. Degedege la sukari humshika mnyama aliyekosa chakula, mara nyingi asubuhi, na akipata sukari huzinduka. Bado, kama mnyama ametoka kusikojulikana au aliumwa na mbwa mwingine, ashikwe kwa glavu au kwa taulo nene. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali, awe mbwa amezinduka au la.

Huduma ya kwanza yenyewe haihitaji kitu ambacho hakipo kwenye nyumba ya Newala. Asali, au sukari iliyokorogwa kwenye maji kidogo ikawa nzito, au unga wa glukosi wa dukani. Kidole kichovywe na kupakwa kwenye fizi na ndani ya shavu, kiasi kidogo, na kurudiwa kila dakika chache. Kidole kisipite katikati ya meno. Taya la mbwa mwenye degedege, hata wa gramu 600, hufunga bila ridhaa yake. Hamiminiwi kitu kinywani asiyeweza kumeza, kwani kitaishia kwenye mapafu, na wengi wanaokufa siku ya pili baada ya "kuokolewa" hufa kwa nimonia ya maziwa waliyomiminiwa wakiwa wamezimia.

Wakati mkono mmoja unapaka, mwingine unapasha joto. Hili husahaulika kuliko yote. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39. Likiwa chini ya 35 matumbo husimama kazi, na chakula kinachoingia hukaa pale kikichacha au kurudi juu. Kwa hiyo sukari ya fizi kwanza, joto la polepole pamoja nayo, kwa kifua cha mtu chini ya sweta au chupa iliyoviringishwa, na chakula baadaye, akishaweza kuinua kichwa na kulamba mwenyewe. Chakula hicho kiwe na protini. Asali peke yake hupandisha sukari haraka, kongosho hujibu kwa insulini, na baada ya muda yuko palepale alipoanzia.

Asipozinduka ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano, au akizinduka na kuanguka tena, ni safari ya daktari wa mifugo au afisa mifugo wa wilaya, huku fizi zikiendelea kupakwa njiani. Daktari atatumia dextrose, yaani glukosi, mshipani. Ya asilimia 50, ile iliyozoeleka hospitalini, huzimuliwa kwanza, mara nyingi sehemu moja kwa tatu au nne za maji ya dripu, na huingizwa polepole, kisha dripu yenye asilimia 2.5 hadi 5 hufuata. Inaelezwa hapa kwa sababu moja: kuna watu wenye nia njema ambao hupata chupa ya asilimia 50 na kuichoma chini ya ngozi. Ukali wake huua nyama ya mahali hapo, na ngozi huchubuka kipande kizima.

Wauguzi wa mkoa huu hawatashangazwa na lolote kati ya hayo. Kwa miaka mingi mtoto aliyeletwa wodini na malaria kali na degedege alipimwa sukari mapema, na kwinini yake iliwekwa kwenye dripu ya dextrose, kwa sababu malaria yenyewe hushusha sukari na kwinini huamsha insulini ikaishusha zaidi. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuwahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba artesunate iliokoa maisha zaidi kuliko kwinini, na kwamba kushuka kwa sukari baada ya tiba kulipungua. Muuguzi aliyefanya kazi enzi za kwinini, akiwa na mbwa mdogo nyumbani, ana ujuzi kuliko anavyojidhania.

Hata mashine ni ileile. Kifaa cha kupimia sukari cha mzee wa nyumbani kinaweza kupima tone la damu la sikio la mbwa, kwa tahadhari moja: kimepangwa kwa damu ya binadamu, na kwa mbwa huelekea kusoma chini kidogo ya ukweli. Kikisoma 65 kwa mnyama anayecheza, hakuna haja ya kuhangaika. Kikisoma 65 kwa mnyama anayeyumba, apakwe asali kwanza na mabishano yaje baadaye.

Kinga ni ratiba, na saa za Kiswahili huitaja vizuri: saa 12 asubuhi, saa 3, saa 6, saa 9, saa 12 jioni, na saa 5 usiku. Hiyo ni milo sita midogo hadi afikishe wiki 12, kisha minne hadi miezi minne au mitano, kisha mitatu. Kati ya saa 5 usiku na alfajiri kuna saa saba, pengo ambalo ni refu kwa mgeni mwenye gramu 600. Wiki ya kwanza mtu aamke saa 8 usiku. Ramadhani, nyumba zinazofunga huwa na nafuu yake usiku, kwa kuwa kuna futari na kuna daku na daima yuko aliye macho. Mchana ndio wa kuangaliwa, moto haukokwi na wote wamelala kidogo. Chakula cha mbwa kiandaliwe wakati wa daku na apewe zamu mmoja, ikiwezekana mtoto asiyefunga.

Mizani ya duka inayopima gramu, ile ya viungo, ina thamani kuliko kola yenye kengele. Mtoto wa mbwa anapaswa kuongezeka kila siku. Akibaki palepale siku mbili, au akishuka, kuna jambo, na jambo hilo huonekana kwenye mizani kabla halijaonekana kwa macho. Maji nayo yahesabiwe. Huu ni uwanda usio na mito, ambako kwa muda mrefu wanawake waliteremka mabondeni kuyafuata na ambako mpaka leo bomba likikauka ndoo hununuliwa. Mnyama mdogo aliyepungukiwa maji hapotezi maji tu, hupoteza na hamu ya kula.

Vitu vidogo vinavyoonekana vya upole navyo humaliza akiba. Kumwogesha siku ya kwanza ili atoe harufu ya basi. Watoto wa mtaa mzima kumbeba kwa zamu mchana kutwa. Mchezo wa saa mbili bila kupumzika. Na safari yenyewe: anayeuza mbwa wa aina hii kwa mtu wa Newala angefanya vema kumshikilia hadi wiki ya 12, na mnunuzi angefanya vema kukubali kusubiri, hata kama picha za simu zinaonyesha kwamba wiki ya 7 ndiyo anapendeza zaidi. Akisafiri, alishwe saa moja au mbili kabla ya basi kuondoka na kila linaposimama kwa abiria kula, kijiko kimoja kimoja, na bomba la sindano lisilo na sindano lenye maji ya glukosi likae mfukoni mwa mwenye boksi.

Sumu aliyoitaja jirani wa kwanza nayo ipo, na moja inafanana mno na habari hii. Zailitoli, sukari bandia inayotiwa kwenye bigijii zisizo na sukari, baadhi ya dawa za meno na hata baadhi ya siagi za karanga za nje, haimdhuru binadamu. Kwa mbwa huamsha insulini kwa kishindo, na sukari inaweza kuporomoka ndani ya nusu saa, ini likaharibika siku zinazofuata. Kipande kimoja au viwili vya bigijii vinatosha kumwangusha mbwa mdogo. Kwa hiyo daktari akiuliza mnyama amekula nini, pochi iliyotafunwa na itajwe.

Wengi huachana na tatizo hili wakifikisha miezi minne au mitano, ini likiwa limekua na misuli imejaa. Anayeendelea kuanguka baada ya hapo, hasa akiwa Yorkshire au Maltese, hasa akiwa mdogo kuliko ndugu zake na akionekana kuzubaa baada ya kula badala ya kabla, anaweza kuwa na kasoro ya kuzaliwa ambayo koo hizo zinajulikana nayo: mshipa unaopeleka damu ya matumbo pembeni ya ini, ikapita bila kuchujwa na bila kuacha akiba. Hapo asali haitatibu. Damu yake itahitaji kupimwa asidi za nyongo kabla na baada ya mlo, na tumbo lake kuangaliwa kwa ultrasaundi; hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kuanzia kuulizia. Wakati wa kusubiri, daktari huweza kupanga chakula chenye protini ya kiasi na iliyo laini, kinyume cha yote yaliyoshauriwa kwa mwenzake mwenye ini zima. Mbwa mwenye kasoro hiyo hazalishwi, na aliyemuuza aambiwe, kwa sababu wazazi wake bado wako Dar es Salaam na huenda mimba nyingine iko njiani.